Sura ya Nne: Upatu wa Mikono

Kazi ya mikono inayofaa kufanywa na marafiki ni ile inayogawanyika. Kila mtu ashike kipande chake, akifanye kwa kasi yake huku mdomo ukiwa huru kuzungumza, kisha siku moja vipande vyote viunganishwe viwe kitu ambacho mtu mmoja angekihangaikia msimu mzima. Ufinyanzi haugawanyiki hivyo. Mfinyanzi akishaanza chungu, udongo unamtaka yeye tu, na wenzake wanabaki kuwa watazamaji. Ndiyo maana sura hii haianzi na udongo, ingawa naupenda sana. Inaanza na ukili.

Ukili ni utepe mrefu uliosukwa kwa majani ya ukindu au miyaa, wenye upana wa vidole vitatu au vinne. Peke yake hauna matumizi. Kili zikishonwa ubavu kwa ubavu huwa mkeka au jamvi. Ukili mmoja mrefu ukizungushwa kuanzia kitako na kushonwa kupanda juu, huwa kikapu. Wanawake wa Pemba, wa Mafia na wa visiwa vya Lamu husuka ukili huku wakingoja wali ukauke, wakiwa wameketi ukumbini na jirani, au hata wakiwa njiani kwenda kumwona mgonjwa. Ukili unaokua hukunjwa mviringo na kuwekwa pembeni, na kesho huendelezwa pale ulipoachwa. Waliobuni kazi hii walikwisha kuikata vipande tangu mwanzo, ili iingie katika maisha ya mtu mwenye mambo mengine ya kufanya. Kundi la marafiki wanaokutana Jumamosi alasiri, kila mmoja ana watoto na kazi na safari zake, haliwezi kupata kazi inayolifaa kuliko hii.

Jambo la kwanza ni majani. Ukindu hutoka kwenye mkindu, mti wa jamii moja na mtende, unaopenda mabonde yenye maji na kingo za mito. Ni mwembamba na laini, na ndio unaosukiwa mikeka mizuri ya chumbani. Miyaa hutoka kwenye mkoma, ambao sehemu nyingine huitwa mlala au mkoche. Ni mipana na migumu zaidi, na ndiyo ya majamvi, vikapu na vipepeo. Wengi hukimbilia ukindu kwa sababu ya uzuri wake. Mimi nasema kundi linaloanza lianze na miyaa. Jani pana husamehe, makosa yake huonekana mapema na kufumuliwa mapema, na vidole hujifunza mwendo bila kulazimika kukodolea macho.

Linalokatwa ni jani changa lililo bado limefumba. Ukikata machipukizi yote ya mti kwa tamaa ya siku moja, umeuua au umeudhoofisha kwa miaka, na mikindu ya mabondeni tayari ina maadui wa kutosha. Mwenye busara huchukua moja na kuuacha mti ukaendelea. Kama mnaishi mjini, nunueni majani yaliyokwisha kukaushwa kwa wauzaji wa sokoni, na mwombeni muuzaji awachagulie ya urefu unaolingana, kwa maana majani mafupi yatawafanya muunge kila mara.

Jani bichi huanikwa juani mpaka rangi ya kijani itoke na libaki jeupe lenye umanjano kidogo. Kisha huchanwa: mshipa wa pembeni hutolewa, na jani hupasuliwa kwa ncha ya kisu au sindano kuwa vipande vyembamba vya upana mmoja. Kazi ya kuchana ndiyo mahali pazuri pa kumkaribisha mgeni asiyejua lolote. Inafundishika kwa dakika chache, na mtu anajiona tangu siku ya kwanza kuwa ana mchango. Kwa vyovyote usimpe mgeni kazi ya kuchota maji na kupika chai ati kwa sababu hajui kusuka. Hatarudi wiki ijayo.

Rangi ni rangi za unga zinazouzwa madukani. Chemsheni maji kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula, tieni rangi, kisha majani, na mgeuze kwa kijiti mpaka yashike. Suuzeni hadi maji yatoke meupe, mkaanike kivulini. Msione uvivu wa kusuuza. Rangi isiyosuuzwa vizuri itahamia kwenye nguo nyeupe ya mtu wa kwanza atakayekalia mkeka wenu, naye kwa kawaida huwa ni mtu mliyetaka kumfurahisha. Uamuzi wa rangi ufanywe na kundi zima siku hiyohiyo, kabla ya kusuka, kwa sababu ukili wa zambarau ulioletwa na mmoja baadaye hauna pa kukaa.

Sasa hesabu, ambayo ni bora ifanywe kwa vipimo vya wenye kazi yao. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shibiri mbili ni dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa nne ni pima moja, mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa kando, na hiyo ni karibu mita 1.8. Tuseme mnataka mkeka wa mtu mzima kulalia, urefu pima moja, upana karibu mita 1.2. Ukili wa sentimita 6 utahitajika mara 20 kuufunika upana huo, na kwa kuwa kingo huingiliana wakati wa kushona, hesabuni kili 22. Hizo ni pima 22. Mkiwa sita, kila mmoja akisuka pima nne mnapata 24, na mbili zinazozidi ni akiba ya kuziba ukili wa yule ambaye mtoto wake aliumwa mwezi ule.

Lakini pima ya mtu mrefu si pima ya mtu mfupi. Chagueni mwili mmoja wa kupimia, kisha mkate kamba kwa urefu huo na kila mtu apate nakala yake.

Kusuka kwenyewe siwezi kukueleza vizuri kwa maandishi kama jirani anavyoweza kukuonyesha, ila msingi wake ni huu. Majani hulowekwa kidogo au hufungwa kwenye kitambaa chenye unyevu ili yasikatike. Hupangwa kwa mshazari, nusu yakielekea kulia na nusu kushoto, na kila jani hupita juu ya moja na chini ya moja, au juu ya mawili na chini ya mawili. Likifika ukingoni hukunjwa na kurudi upande wa pili. Jani likikaribia kwisha, jipya hulazwa juu yake na yote mawili husukwa pamoja kwa hatua chache. Ncha zinazochomoza hukatwa baadaye kwa mkasi. Mwendo wa juu ya mawili chini ya mawili hutoa mistari ya mshazari inayopendeza ukichanganya rangi mbili, na vidole vikiuzoea havihitaji tena macho. Hapo ndipo mazungumzo huanza kunoga.

Tatizo la kweli la kundi ni mkono. Kila mtu ana mkazo wake. Mmoja husuka akivuta mpaka ukili unakuwa mgumu na mwembamba, mwingine hulegeza, na mkija kuziweka kili pamoja zinatofautiana upana kwa kidole kizima ingawa mlianza na idadi moja ya majani. Nimeona makundi yakivunjika moyo kwa jambo hili. Dawa ni ndogo: kata kijiti cha sentimita 6 kwa kila msukaji, na aupime ukili wake kila baada ya shibiri moja. Ukili ukipungua, alegeze, ukizidi, akaze. Zinazobaki tofauti baada ya hapo, zipangwe kwa mkono: kili za msukaji mmoja zikae karibu karibu, zenye kubana zaidi zikiwekwa pembeni ambako mkeka huvutwa na kukanyagwa. Msiulize kwa sauti nani kasuka ipi. Kila mtu ataujua mkono wake.

Siku ya kushona iwe siku ya sherehe. Zoezi la kuunganisha linahitaji sakafu pana na watu wawili wawili wanaoelekeana, mmoja akishika kingo zikutane, mwingine akipitisha sindano yenye uzi wa jani lilelile ndani ya mikunjo ya kili mbili, ili mshono uzame usionekane. Anzeni katikati ya mkeka mwende nje, pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mkianza upande mmoja, wanaosubiri watachoka na kuondoka. Mwishoni ncha hukatwa sawa na kukunjwa ndani, au kuzungushiwa pindo la kitambaa. Pilau ya siku hiyo isipikwe na washonaji.

Kwa wenye subira zaidi kuna kofia. Kofia ya mkono, ile ya kitambaa cheupe iliyojaa vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi, ina vipande viwili tu: duara la juu na ukanda wa pembeni. Kwa hiyo ni kazi ya marafiki wawili. Pima kichwa cha atakayeivaa. Kama mzunguko wake ni sentimita 57, ukanda uwe na urefu huo pamoja na ziada ya mshono, na duara liwe na kipenyo cha karibu sentimita 18, kwa sababu mzunguko wa duara ni kipenyo mara 3.14. Chora ua kwa penseli juu ya kitambaa cha tabaka mbili, toboa kila kitobo kwa mwiba au ncha kali, uzungushie uzi kwa mishono iliyosongamana. Vitobo hivyo, viua, ni vingi mno, na kofia nzuri hula wiki na miezi. Unguja wako wanaume wazima wanaoketi barazani na kofia mkononi, na hakuna anayewashangaa. Kule Oman kofia hii huitwa kumma, ni vazi la kitaifa, na uhusiano wake na Zanzibar unajulikana pande zote mbili za bahari. Marafiki wawili wanaoishi Muscat na Zanzibar wanaweza kabisa kushona kofia moja, duara huku na ukanda kule, mradi mtu mmoja apime kichwa na mmoja achore ua. Sijui zawadi ya bwana harusi inayozidi hiyo.

Uchoraji nao unaingia katika sura hii, na sababu yake ni Edward Saidi Tingatinga. Mwaka 1968 hivi, jijini Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya mbao za dari zilizokatwa mraba, akitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Hakusomea sanaa popote. Aliwaketisha jamaa na marafiki zake kando yake, wakatazama, wakajaribu, wakachora. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi, lakini mtindo haukufa kwa sababu ulikuwa umekwisha kukaa mikononi mwa watu kadhaa. Wao na wanafunzi wao waliuendeleza mpaka ukapata ushirika wake mwaka 1990. Mnaweza kufuata njia ileile nyumbani. Tafuteni vipande vya ubao mwembamba, msasa, makopo madogo ya rangi ya mafuta, brashi na mafuta ya taa ya kuoshea. Pakeni usuli wa rangi moja, mwache ukauke vizuri hadi siku ya pili, kisha kila mtu achore mnyama mmoja anayejaza ubao, kwa mistari iliyo wazi na madoa ya rangi kali. Kaeni nje, maana mvuke wa rangi hizo unaumiza kichwa chumbani. Kazi hii haigawanyiki kama ukili, kila mmoja anabaki na ubao wake, lakini kutazama mkono wa mwenzio ni nusu ya mafunzo, na Tingatinga alilijua hilo.

Watoto wakiwepo, na watakuwepo, wapeni tiara ya kurusha, ambayo wengine huita kishada. Vijiti ni chelewa zilizofungwa pamoja tatu tatu ili zisivunjike, au mwanzi uliopasuliwa: kimoja cha sentimita 60, cha pili cha 50, vikifungwa msalaba robo ya urefu kutoka juu. Karatasi iwe gazeti au kaki ya mfuko. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Mkia wa matambara uwe mrefu, mara tano au sita ya urefu wa tiara yenyewe; nyingi zinazozunguka hewani na kuanguka zimekosa mkia wa kutosha tu. Pwani, upepo wa kusi hushika miezi ya katikati ya mwaka, na kaskazi huja kuanzia Desemba. Mmoja ashike tiara, mwingine ashike uzi na kukimbia, wa tatu aangalie nyaya za umeme, na kazi ya huyo wa tatu ni ya mtu mzima.

Mpira wa chandimu hauhitaji maelezo yangu, watoto wanaujua kuliko mimi. Nitaongeza neno moja tu. Zamani tumbo la mpira lilikuwa mifuko ya plastiki, na mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara mwaka 2019. Ni vizuri. Tumieni soksi kuukuu, matambara na sponji ya godoro lililochakaa, mfunge kwa kamba ya katani. Hudunda kidogo kuliko ule wa zamani, lakini haumwachi mtu na uchafu ufukweni.

Kuna kazi za jioni moja, na kwa hizo harusi ndiyo sababu kubwa. Asumini huchumwa alasiri likiwa bado limefumba, kwa kuwa hufunguka giza linapoingia. Likitungwa likiwa limefumba, vikuba, yale maua yaliyotungwa ya kuvaa, vitafunguka vikiwa vimekwisha kuvaliwa. Asumini hutungwa kwa sindano nyembamba na uzi wa pamba, likichanganywa na rehani na mawaridi. Shoga wanne wakizunguka sinia moja humaliza sinia zima kabla ya isha.

Hina inataka saa nyingi zaidi. Chekecheni unga wake kwa kitambaa chepesi, ukandeni kwa maji ya ndimu au chai kali, muuache saa kadhaa utoe rangi kabla ya kuutia kwenye mfuko wa kuchorea. Ikishachorwa ikae mkononi saa nne hadi nane, kisha ikwanguliwe bila maji. Mwanzoni itakuwa ya machungwa na bibi harusi ataingiwa na wasiwasi. Mwambieni angoje, itakolea katika siku mbili, na viganjani na nyayoni itakolea zaidi kwa sababu ngozi ya hapo ni nene. Kuhusu piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwili, sitafumba maneno. Piko nyingi zinazouzwa zina kemikali ileile iliyomo kwenye rangi nyeusi za nywele, nayo haikutengenezwa ipakwe juu ya ngozi. Huchubua, hutoa malengelenge, na mtu aliyedhurika mara moja anaweza kubaki na mzio wa maisha. Mtoto asipakwe kabisa. Kama rafiki yako anataka weusi, mkolezee hina mara mbili.

Linabaki swali ambalo huvunja makundi mengi kuliko mikono isiyolingana: kitu kikishakwisha, ni cha nani? Mkeka mmoja wa watu sita hauwezi kulaliwa na sita. Ushauri wangu ni kuendesha kazi kama upatu, ule ambao wengine huita mchezo na Wakenya huita chama, isipokuwa anachotoa kila mtu ni pima nne za ukili badala ya noti. Kila zamu kundi zima linasuka kwa ajili ya mmoja, na mpaka zamu sita ziishe kila nyumba ina mkeka wenye mikono ya wote sita ndani yake. Anayepokea ndiye anayenunua majani na kuwalisha wenzake siku ya kushona. Anayepata msiba, mgonjwa au uhamisho anaweza kubadilishana zamu, na kili anazodaiwa azilete hata kwa kutuma. Ukili hukunjwa ukaenea kwenye mfuko, na mabasi ya mikoani hubeba vitu vikubwa kuliko huo. Zamu ziandikwe kwenye daftari kabla jani la kwanza halijachanwa, kwa sababu mkeka wa kwanza ukishatandikwa kila mtu atautaka wa pili.

Kuhusu nani awe wa kwanza, kura haifai. Mkeka wa kwanza utakuwa na kasoro, mistari yake itapinda na kingo zitapwaya, basi auchukue yule anayejua kusuka kuliko wote: anaweza kuurekebisha mwenyewe kwake, na hakuna atakayefikiri ameonewa. Wa sita, uliosukwa na vidole vilivyokwisha kukomaa, awekewe yule aliyekuja siku ya kwanza akiwa hajui hata kuchana jani.